Sufuria ya Nne

*Shangazi mpendwa,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kinangop. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitia rangi uzi wa sufu jikoni kwangu, nikiwauzia wafumaji wa Nairobi na wachache wa Ulaya kwa posta. Rangi yangu moja, niliyoipa jina la Damu ya Mzee, ilipendwa mno, na duka moja la ng'ambo likaagiza vitita 60. Nilipika kwa wiki mbili. Sasa wameandika kwamba baadhi ni vyekundu kuliko vingine. Wanataka nirudishe pesa au nipike upya vyote. Jirani niliyemfundisha mwenyewe anauza rangi hiyo hiyo kwa bei ya chini. Mume wangu anauliza jiko litarudi lini kuwa jiko. Na la kunitisha zaidi: siku hizi naamka sitaki hata kuiona sufuria. Zamani nilikuwa naziota rangi. Je, niache nitafute kazi?*

*Mchovu, Kinangop*

Mwanangu,

Nianze na mume, maana ndiye rahisi. Kama sufuria za rangi ndizo mnazosongea ugali, mimi niko upande wake. Rangi ya unga si chakula, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Tafuta sufuria za stili, uzitie alama, uhamie kibandani au hata chini ya paa la bati nyuma ya nyumba. Na funika pua unapopima. Hayo yameisha.

Sasa vitita 60. Hukuvipika kwa mkupuo. Ulipika sufuria baada ya sufuria kwa siku 14, na kila sufuria ina tabia yake. Damu ya mzee ni nyekundu iliyopoozwa kwa bluu na weusi kidogo, na rangi hizo hazishiki sufu kwa mwendo mmoja: nyekundu huwa na pupa. Ukimimina siki mapema au moto ukipanda haraka, inauvamia uzi kabla wenzake hawajafika. Tena huko kwenu, karibu mita 2,500 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye nyuzijoto 92 hivi, kwa hiyo kutokota kwa maji si kipimo cha lolote. Nunua kipimajoto, pandisha moto polepole, kisha uushikilie kwa dakika 45 au saa nzima mpaka maji yabaki meupe. Na maji yenyewe ni ya mvua au ya kisima? Yakibadilika katikati ya oda, rangi nayo inabadilika. Kondoo pia hawana sufu ya aina moja.

Nadhani pia unapima kwa kijiko. Acha. Koroga gramu 10 za rangi katika maji mpaka yatimie lita moja, kisha upime maji hayo kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Ukitaka gramu 2 za rangi kwa kitita cha gramu 100, unavuta mililita 200. Nusu gramu ya nyeusi, ambayo mizani ya jikoni haiioni kabisa, inakuwa mililita 50. Andika kila kitu daftarini, na ubandike kipande cha uzi pembeni.

Hata hivyo vitita havitafanana sawasawa. Wenye viwanda wenyewe, pamoja na mitambo yao, huchapa nambari ya pishi kwenye karatasi ya kila bonge la uzi kwa sababu wanajua pishi la leo si la jana. Wewe uliahidi kitu ambacho wao hawaahidi.

Bibi yangu alikuwa akishona mikeka. Kindu alizichemsha mwenyewe kwa rangi ya dukani, na sikumbuki nyekundu mbili zilizotoka pacha. Hakuwahi kutupa ukili. Aliupanga ule mkolevu, kisha ule uliofifia, kisha mkolevu tena, na mkeka ukaonekana umekusudiwa hivyo. Wafumaji wazoefu wa sweta hufanya vivyo hivyo: wanachukua vitita viwili na kuvibadilisha kila baada ya mistari miwili. Waandikie wenye duka hilo leo. Waambie wavipange vitita kwenye mwanga wa dirishani, wavitenge kwa mafungu ya sweta moja moja, kila fungu na vinavyofanana, na uwaeleze huo ufumaji wa kubadilisha vitita. Vitakavyobaki bila mwenzi, punguza bei. Usirudishe pesa za vitita 60, na usikubali kuvipika upya vyote. Oda ijayo, sema mapema: sufuria moja inatoa vitita kadha wa kadha, na baina ya sufuria na sufuria patakuwa na tofauti. Asiyeitaka tofauti hiyo akanunue uzi wa kiwandani, hakuna ugomvi.

Jirani mwache. Rangi haina hati kama shamba. Ulimfundisha ulichokuwa unajua wakati ule.

Linalonikaa moyoni ni hilo la kuamka bila hamu. Mwingereza William Morris, ambaye michoro yake bado inauzwa kwenye mapazia, alikuwa na watu wa kumfanyia kazi. Lakini miaka ya 1870 alikwenda Leek, kwenye karakana ya Thomas Wardle, akaingiza mikono yake mwenyewe kwenye nili mpaka ikawa ya bluu. Barua alizomwandikia Wardle baadaye zimejaa malalamiko: rangi hii siyo, ile haikutoka. Mteja msumbufu kuliko huyo wako! Lakini alikuwa akilalamikia kitu alichokuwa bado anakitafuta. Wewe unalalamikiwa kuhusu kitu ulichomaliza kukitafuta zamani, na kwa wiki mbili hukugusa kingine.

Kwa hiyo, ukiwa na sufuria tatu za wateja, weka ya nne. Mara moja kwa wiki, uzi uliokatikakatika, usio na bei. Tia maganda ya vitunguu na shabu upate manjano iliyoungua. Kesho yake tumbukiza misumari yenye kutu uone manjano hiyo inavyonuna. Jaribu nili, uutoe uzi ukiwa kijani na uutazame ukigeuka bluu hewani. Usiipe jina, usiipige picha ya kuuzia. Mume akiuliza ni ya nani, mwambie ni yako.

Kuhusu kazi, sitakudanganya. Ujira wa mkono ni mdogo, na mapenzi hayalipi karo. Andika miezi sita mbele: uzi, kuni au gesi, posta, na saa zako, hizo usizisahau. Daftari likionyesha hasara, tafuta kazi bila aibu, uache zile tatu. Ya nne ibaki.

Kisha nitumie kitakachotoka humo. Si picha, simu hudanganya rangi. Nitumie uzi wenyewe, hata futi moja, ndani ya bahasha.

Shangazi