Skrini ya dukani imegeuka nyeusi? Usichomoe waya kwanza

Baadhi ya maduka na saiba hutumia kompyuta za Linux kuweka rekodi za mauzo na kukagua malipo. Sasa fikiria mteja amesimama kwa kaunta, unabonyeza vitufe haraka haraka, na ghafla kila kitu kinapotea. Kinachobaki ni skrini nyeusi, maandishi meupe na neno "login:".

Relax. Hujapoteza kitu. Linux ina skrini kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na umebonyeza Ctrl, Alt na kitufe kama F3 pamoja. Hapo umehamia skrini ya maandishi. Ile ya kawaida bado iko wazi nyuma yake, na kazi yako iko vile ulivyoiacha. Ukichomoa waya ndipo utapoteza chochote ambacho hujasevu.

Rudi hivi:

1. Shikilia Ctrl na Alt, kisha bonyeza F2. Kwa Ubuntu 18.04 na zilizofuata, skrini yako kwa kawaida iko hapo. F1 huwa ni ukurasa wa kuingilia.
2. Ikikataa, jaribu F7. Ubuntu 16.04, za kabla yake, na Linux Mint huweka skrini ya kawaida hapo.
3. Bado? Kwa laptopu nyingi, vitufe vya F hupunguza mwangaza au sauti. Ongeza kitufe cha Fn: Ctrl, Alt, Fn na F2 kwa pamoja.
4. Ukiwa umesahau namba, shikilia Alt na ubonyeze mshale wa kushoto au kulia. Utapita skrini moja baada ya nyingine hadi uipate yako.

Kama hakuna kinachofanya kazi, ingia kwa jina na nenosiri la kompyuta. Nenosiri halitaonekana unapoliandika, hata nyota hazitatokea. Hiyo ni kawaida. Andika "sudo reboot" ili kompyuta ijizime na kuwaka vizuri. Hapo kazi ambayo haijasevuliwa itapotea, kwa hivyo iwe njia ya mwisho.

Mambo matatu ya kulinda pesa zako:

- Neno "login:" linaulizia akaunti ya kompyuta. Usiandike PIN yako ya pesa hapo. Kompyuta haiihitaji.
- Ukiingia kwenye skrini ya maandishi, andika "exit" kabla ya kuondoka. Usipofanya hivyo, mtu yeyote atakayefika kwa kibodi anaweza kuirudia akiwa ndani ya akaunti yako.
- Kama ulikuwa katikati ya malipo, usitume tena. Muamala unaweza kuwa ulipita hata kama hukuona jibu. Angalia SMS na salio kwanza, kisha ndio uamue.

Andika namba ya skrini yako kwa karatasi na uibandike kando ya kibodi. Siku mfanyakazi wako akiwa pekee yake, atakushukuru.