Dawa ya Mshipani Nje ya Wodi: Somo kwa Mfano wa Kunduchi

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa anayepewa viuavijasumu kwa njia ya mshipa hana budi kulala wodini mpaka dozi imalizike. Sivyo ilivyo daima. Mwaka 1974 Rucker na Harrison, wa Marekani, walieleza jinsi wagonjwa wenye maradhi ya kurithi ya mapafu walivyotibiwa kwa dawa za mshipani nje ya hospitali, na utaratibu huo umeenea tangu hapo. Lakini sindano inayookoa wodini yaweza kudhuru nyumbani. Kwa hiyo yafaa tuyajue masharti yake.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kunduchi aliyejikata mguu, jeraha likaingia usaha na maambukizo yakapanda hadi gotini. Amelazwa, na baada ya siku tatu homa imeshuka, bali daktari angependa dawa iendelee. Kitanda chake kinangojewa na mwingine, na kila siku ya wodini ni siku isiyo na mapato. Je, aruhusiwe kwenda nyumbani?

1. Dawa yenyewe

Swali la kwanza ni hili: dawa hukaa mwilini muda gani? Nusu ya benzilipenisilini iliyomo katika damu hutoweka kwa takriban dakika 30. Baada ya saa 4 nusu hiyo imekatwa mara 8, na kilichobaki ni sehemu 1 tu kati ya 256. Ndiyo maana dawa hiyo hutolewa mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa wa Kunduchi hawezi kupanda daladala kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Seftriaksoni hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 8. Hivyo baada ya saa 24 hubaki sehemu 1 kati ya 8, na dozi moja kwa siku mara nyingi hutosha.

Hata hivyo wepesi wa ratiba usiwe ndio sababu pekee ya kuichagua dawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la viuavijasumu vya kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa matumizi yake ya ovyo huzidisha usugu wa bakteria. Tena dawa nyingi zikishachanganywa na maji huharibika upesi kwenye joto. Katika joto la Dar es Salaam, dawa ichanganywe pale pale inapotolewa, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji.

2. Mgonjwa na makazi yake

Arudishwe nyumbani yule tu ambaye maradhi yake yanajulikana, homa imetulia, mapigo ya moyo na pumzi ni ya kawaida, naye anaweza kula na kunywa. Dozi ya kwanza itolewe mbele ya wahudumu wenye adrenalini karibu, kwa maana mzio mkali huweza kuzuka ghafla.

Makazi nayo yapimwe. Je, yupo ndugu wa kumwangalia? Ipo simu? Zahanati ya jirani ina muuguzi wa kumchoma kila siku, hata Jumapili? Usafiri wa usiku utapatikana wakati wa masika, njia za mitaani zinapojaa maji? Jibu likiwa hapana, wodi ndiyo salama.

3. Mshipa na kanula

Kanula ni mlango ulioachwa wazi katika ngozi. Muuguzi anawe mikono kila anapoigusa, naye mgonjwa asiilowanishe; kwa hiyo mvuvi wetu asiingie baharini, wala mchimba kokoto asirudi vumbini. Mahali pakiwa pekundu, pakivimba au pakiuma, kanula iondolewe. Homa ikirudi, au akitetemeka kwa baridi, aende hospitali saa ile ile. Sindano zilizotumika zirudishwe kituoni katika kasha lake, zisitupwe jalalani.

4. Je, sindano bado inahitajika?

Hili ndilo swali linalosahauliwa kuliko yote. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 uliwahusisha watu 1,054 wenye maambukizo ya mifupa na viungo. Waliomeza vidonge katika majuma sita ya kwanza hawakupata matokeo mabaya kuliko waliochomwa sindano.

Nasi tunalo funzo letu. Tiba ya kifua kikuu sugu ilipoanza Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009, sindano za msulini kwa miezi mingi zilikuwa sehemu yake, na dawa za aina hiyo huweza kuharibu masikio. Kuanzia mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizipa dawa za kumeza nafasi ya kwanza. Sindano iliyodhaniwa kuwa nguzo ya tiba ikaondolewa.

Basi mvuvi wetu aruhusiwe, iwapo masharti yametimia. Lakini kabla ya hapo daktari ajiulize kama vidonge havitoshi. Tiba iliyo salama kuliko zote nje ya hospitali ni ile isiyohitaji kanula.

Maswali ya kujipima

(a) Dawa inayopungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hubaki sehemu gani baada ya saa 24?
(b) Taja dalili tatu za kuondoa kanula.
(c) Katika mtaa wako, ni sharti lipi lingekuwa gumu kutimizwa?