Kirusi cha kukutosha uwanja wa ndege wa Moscow

Kila ikikaribia Septemba, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zetu waliopata nafasi za masomo Urusi. Swali huwa moja: dada, nikariri maneno gani kabla ya kupanda ndege? Wengine wanakuwa wameshapakua orodha ndefu ya sentensi, mpaka ya kuulizia jumba la makumbusho. Mimi huwaambia waifute. Ukimuuliza Mrusi swali refu kwa Kirusi kizuri, atakujibu kwa Kirusi kirefu zaidi, na hapo ndipo utakapokwama. Uwanjani unahitaji maswali ambayo jibu lake ni kidole, tarakimu kwenye karatasi, au *da* na *nyet*, yaani ndiyo na hapana.

Lakini kwanza herufi. Ziko 33, na jioni chache zinatosha kuzizoea. Zile ngeni kabisa, kama Ж na Щ, hazina shida, maana ukiziona tu unajua huzijui. Zinazopoteza watu ni zile zilizovaa sura za herufi zetu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, na Х ni kh ile ya wazee wa pwani wanaosema kheri. Ukizishika hizo, ПАСПОРТ inajisoma yenyewe kuwa pasport, ВИЗА ni viza, ТАКСИ ni teksi, na КАССА ni dirisha la kulipia.

Maneno ya kuyajua kwa macho ni machache. ВХОД ni mlango wa kuingilia. ВЫХОД ni wa kutokea, na hilohilo ndilo jina la geti la kupandia ndege. ПРИЛЁТ ni wanaowasili, ВЫЛЕТ wanaoondoka, РЕГИСТРАЦИЯ ni kaunta za kukabidhi mizigo, ТАМОЖНЯ ni forodha. Chooni, М ni wanaume na Ж ni wanawake. Ni kweli kwenye uwanja wa Sheremetyevo mabango yana Kiingereza pia, ila wengi wenu hamuishii Moscow. Ukiunganisha kwenda chuo cha mkoani, Kiingereza hupungua njiani. (Na usishangae ukiona jina la Pushkin pale Sheremetyevo: uwanja ulipewa jina lake mwaka 2019. Babu wa mama yake mshairi huyo, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto.)

Sasa matamshi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumezoea hivyo hata hatuoni. Kirusi mkazo unarukaruka, na ukiukosea watu hawakuelewi. Hapa chini nimeandika kwa herufi kubwa pale pa kukaza. Sauti *zh* hatuna. Tamka sh huku koo likitetema kama kwenye z.

Kwenye dirisha la pasipoti, sema *ZDRAstvuitye*, kisha nyamaza. Najua inauma. Sisi tumelelewa kuuliza habari za kazi, za nyumbani na za watoto kabla ya kutaja shida, lakini kule afisa anasalimiwa mara moja, basi. Asipotabasamu usidhani amekukasirikia. Hana desturi ya kutabasamu na mtu asiyemjua. Mpe pasipoti na kusema *vot*, yaani hii hapa. Akiuliza jambo lenye neno *tsel*, anataka lengo la safari: jibu *uCHOba* kama ni masomo, *tuRIZM* kama ni utalii. Ukitoka Dar, unaweza kuongeza *ya iz tanZAnii*. Usipomwelewa, *ya nye paniMAyu*, na usione haya.

Kusikia kuna kazi kuliko kusema. Maneno matatu ya maafisa yazoeze masikio yako kabla hujaondoka: *padazhDItye*, subiri, *prakhaDItye*, pita, na *SLYEduyushi*, anayefuata. Nimeona watu wamesimama kama nguzo huku afisa anarudia prakhaDItye na foleni nzima nyuma inaguna. Utapewa pia kikaratasi cha uhamiaji, *migratsiONnaya KARta*. Kiweke ndani ya pasipoti na usikitoe ovyo: chuo watakihitaji kukuandikisha, na siku ya kuondoka nchini utaulizwa.

Mzigo usipotokea kwenye mkanda, tafuta dirisha la mizigo na useme *moi chemaDAN nye prilyeTYEL*: sanduku langu halikufika na ndege. Onyesha kile kipande cha stika ulichopewa wakati wa kukabidhi mzigo. Langu liliwahi kubaki njiani tulipobadili ndege, na kilichonisaidia ni stika hiyo pamoja na neno *napiSHItye*, andika. Yule mama akaniandikia tarehe na saa, tukamalizana. Ukimwita mhudumu wa kike, sema *DYEvushka*, hata kama kwetu ungemwamkia shikamoo.

Forodha ndipo Waswahili tunaposimamishwa, kwa sababu ya unga. Mfuko mweupe usio na maandishi, umefungwa kwa mpira, unazua maswali popote duniani. Wakikuambia ufungue, sema *Eta yeDA*, hiki ni chakula. Kisha *Eta muKA*, huu ni unga. Na *dlya syeBYA*, ni wa kutumia mwenyewe. Kaza mwisho, muKA, kwani ukikaza mwanzo, MUka, umemwambia afisa kuwa umebeba mateso. Bora zaidi, nunua unga wa dukani wenye paketi yake. Dawa nazo zibaki kwenye boksi zake, pamoja na cheti cha daktari: *Eta lyeKARSTva, vot ryeTSEPT*. Dawa kali za usingizi au za maumivu zinaweza kukuletea balaa, kwa hiyo ulizia ubalozini kabla hujazifunga.

Ukitoka nje, wenye teksi watakuzonga. *SpaSIba, nye NAda*, asante, sihitaji, inatosha. Ongeza *myeNYA fstryeCHAyut*, ninapokelewa, hata kama hupokelewi. Kutoka Sheremetyevo kuna treni ya Aeroexpress hadi kituo cha Belorussky. Uliza *SKOLka?* halafu nyosha simu yenye kikokotoo wakuandikie bei. Beba fedha taslimu, maana kadi za Visa na Mastercard za benki za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Pa kubadilishia pameandikwa ОБМЕН ВАЛЮТЫ. Laini ya simu usitegemee kuipata siku hiyo, kwani kwa mgeni taratibu zake ni ndefu; pakua kamusi inayofanya kazi bila intaneti ukiwa bado nyumbani.

Kwa wanaounganisha ndege, neno ni *pyeryeSATka*. Sema *u myeNYA pyeryeSATka*, onyesha tiketi, kisha *pakaZHItye, paZHAlsta*, nionyeshe tafadhali. Wengine watakushika mkono kabisa wakupeleke. Kagua pia jina la uwanja kwenye tiketi ya pili: Sheremetyevo uko kaskazini-magharibi mwa jiji na Domodedovo uko kusini, na foleni ya kati yake haina huruma. Muda ukikubana, *ya aPAZdivayu*, ninachelewa, huwafanya watu wakupishe kwenye mstari.

Kwenye ubao, ПОСАДКА mbele ya namba ya ndege yako maana yake wameanza kupandisha abiria, ondoka hapo ulipokaa. ЗАДЕРЖИВАЕТСЯ ni imechelewa. Kanywe chai, ambayo huko nako inaitwa chai. ОТМЕНЁН ni imefutwa. Hapo nenda dirisha la shirika lako na uulize *kagDA?*, lini, huku umeshika kalamu na karatasi.