SOMO LA VIJANA: TUPIME NGUVU YA SUMAKU-UMEME

Wazazi wengine wametuuliza kwa nini darasa la Jumamosi limeacha Neno na kuingia katika misumari na waya. Neno hatujaliacha. Ila watoto wetu watafanya mtihani uleule wanaofanya watoto wenye maabara, na shule yetu haina maabara. Tena kuchunguza kazi za Mungu si dhambi.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi. Chuma hicho kilikuwa na uzito wa gramu 200 hivi, nacho kikanyanyua kilo 4. Waya wake ulikuwa mtupu, kwa hiyo alilazimika kuacha nafasi kati ya mizunguko. Ndipo Joseph Henry, mwalimu wa shule mjini Albany, Marekani, akauvika waya wenyewe hariri, akaweza kuuzungusha tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku yake ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Alikuwa mwalimu wa shule. Vijana walikumbuke hilo.

Sisi tulitumia msumari wa inchi 4, waya mwembamba wa shaba wa mita 2 uliotolewa katika mota iliyokufa, pini za fundi wa cherehani, na betri kubwa ya tochi, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita jiwe la redio. Betri mbili tuliazimwa na mama mmoja wa bloku yetu. Si jambo dogo, kwa maana kwa redio hiyo yeye na majirani husikiliza habari za nyumbani kila jioni. Aliomba zirudi zikiwa hai. Kwa hiyo tuliweka sheria: unagusisha waya, unahesabu hadi tano, unaachia. Sheria hiyo inalinda vidole pia, kwa kuwa waya mfupi kama huu huvuta umeme mwingi na kupata moto upesi. Mtoto yeyote asijaribu kazi hii kwa umeme wa ukutani, wala kwa betri ya gari au ya sola.

Mara ya kwanza hakuna pini hata moja iliyosogea. Kijana mmoja alisema betri imekufa, mwingine akasema tuombe. Tulipotazama vizuri tukaona kwamba ncha za waya bado zina vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Tulizikwangua kwa wembe, na pini zikarukia msumari.

Sasa kupima. Anayetaka kujua kama wingi wa mizunguko unaongeza nguvu, asibadilishe kitu kingine chochote. Hata waya usikatwe: katika mizunguko 20 tuliacha sehemu iliyobaki ikining'inia, kwa sababu waya mfupi ungepitisha umeme mwingi zaidi, nasi tusingejua ni kipi kilicholeta tofauti. Mizunguko 20 ilinyanyua pini 6. Kabla hatujaendelea, kijana mmoja mwenye akili nyepesi alikwisha kuandika 12 kwa mizunguko 40 na 18 kwa mizunguko 60. Tulipohesabu tulipata 11 na 14. Hatukumruhusu afute. Alipiga mstari juu ya namba zake na kuandika pembeni kile alichokiona, na msahihishaji wa mtihani hutaka hicho.

Lakini kwa nini 14? Tulirudi kwenye mizunguko 20 tukapata pini 5, si 6. Betri ilikuwa imechoka wakati tukiendelea! Kama tusingerudi nyuma, tungeilaumu mizunguko kwa kosa la betri. Tuliipumzisha, kisha tukapima kwa kuanza na 60, tukashuka hadi 40 na 20, halafu tukachukua wastani wa pande zote mbili. Hivyo uchovu wa betri hauwi upande mmoja tu.

Kuna mtego mwingine. Tulipoachia waya, pini mbili ziliendelea kushika. Msumari wa chuma cha pua hubaki na usumaku kidogo. Ugonge gonge juu ya jiwe, na kabla ya kila jaribio uhakikishe kwamba haushiki kitu. Afadhali zaidi ni kufunga pamoja vipande vya ule waya laini wa kufungia nondo na kuvitumia mahali pa msumari: chuma laini hupoteza usumaku karibu wote mara umeme unapokatika.

Betri zimerudishwa Jumapili baada ya ibada. Redio inaongea, ingawa sauti imepungua kidogo, na darasa linachanga fedha ili mama apate betri mpya. Mwenye redio au mota iliyokufa asiitupe, atuletee. Pini tatu za fundi hazijaonekana. Aliyeondoka nazo azirudishe Jumamosi saa tatu, tutakapopima betri moja na betri mbili.