Mkufu wa Fedha wa Mwanamume: Maji, Mshipi na Riale ya Bibi

Mwezi wa Januari 2023, katika lile joto la kaskazi ambalo mtu wa Dar es Salaam hulijua hata akiwa amefumba macho, mpwa wangu alifungishwa nikahi katika msikiti mmoja wa Ilala. Na mara khutba ilipokwisha, wazee wakanyanyuka kumpa bwana harusi mkono wa heri, mimi niliyekuwa nimekaa safu ya pili nikaona, kwenye shingo ya kanzu nyeupe ambayo mama yake aliisimamia kwa fundi darizi baada ya darizi, mstari wa kijani uliozunguka kama ukoga uzungukavyo ukingo wa mtungi. Dada yangu aliuona baadaye, nyumbani. Akachovya pembe ya khanga yake katika maji ya ndimu, akafuta, asiseme neno. Na kunyamaza kule kulinichoma kuliko lawama yoyote, kwa sababu mkufu uliotoa rangi ile ulikuwa hidaya yangu.

Kijana alikuwa ameutamani mkufu wa fedha tangu siku zake za chuoni, na madhali dhahabu ni haramu kwa mwanamume katika dini yetu, niliona fedha ndiyo inayomfaa. Wapo wanazuoni waonao kwamba mkufu, hata ukiwa wa fedha, ni pambo la wanawake. Basi ndugu ambaye moyo wake haujatua katika jambo hilo na amuulize shehe wake kabla hajamwendea sonara. Mimi makala yangu haya ni kwa yule aliyekwisha kuamua kununua, naye hataki kuaibika kama nilivyoaibika.

Wiki moja kabla ya nikahi nilikuwa nimeingia Kariakoo kwa upande wa Msimbazi, nikalipita jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, ambalo wakati huo lilikuwa bado limefungwa kwa matengenezo tangu lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, nikatokea Mtaa wa Kongo, ambako meza za wamachinga hubanana hata mpita njia hulazimika kutembea ubavuubavu. Duka niliingia moja, nalo sitalitaja. Muuzaji alikuwa kijana mwenye lugha laini na adabu nyingi, alinipa shikamoo, akanivutia kigoda, akatandaza mikufu juu ya kitambaa cheusi, akasema, "Mzee wangu, hii ni silva ya Italia, orijino. Hii haichuji mpaka wajukuu wako wairithi." Akataka shilingi 120,000. Tukashindana kwa upole, tukakatia 80,000, nami nikatoka nikiwa na furaha ya mtu aliyepunguziwa.

Nataka kuzieleza hoja tatu alizonitolea, kwa maana zote tatu zilikuwa za kweli na hakuna hata moja iliyothibitisha kitu.

Ya kwanza ilikuwa muhuri. Kwenye kifungo palichapwa 925 na neno ITALY. Namba hiyo maana yake ni sehemu 925 za fedha safi katika kila sehemu 1,000, na zile 75 zilizosalia aghalabu ni shaba nyekundu, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno, haistahimili kuvutwa na kuvaliwa kila siku. Lakini chapa na nyundo havijui kusoma. Vitaandika 925 juu ya chochote vitakachowekewa. Mkufu uliotoka Italia kwa haki, licha ya 925, hubeba na chapa ya mtengenezaji, yaani namba yake pamoja na herufi za mkoa wake, kama AR kwa Arezzo au VI kwa Vicenza, miji miwili inayosifika kwa kazi hiyo. Jina la nchi peke yake ni neno tu.

Ya pili ilikuwa uzito. "Shika, mzee, usikie," aliniambia, nami nikashika, nikasikia, nikaamini. Kumbe kiganja hupima uzito, hakipimi ukubwa, na shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ukiifua ikawa nene kidogo, itakilemea kiganja vilevile. Ya tatu ilikuwa sumaku: aliusogeza mkufu kwenye kisumaku, haukushikwa. Ni kweli kwamba fedha haishikwi na sumaku. Wala shaba haishikwi, wala vyuma vingi visivyoshika kutu. Tena mkufu wa fedha halisi unaweza kuvutwa kidogo penye kifungo, kwa sababu springi iliyomo ndani ni ya chuma. Sumaku humfichua mdanganyifu asiyejua kazi yake. Ajuaye kazi huitumia kuwa shahidi wake.

Nilirudi dukani siku ya tatu baada ya harusi. Adabu ilikuwapo bado, ila kigoda hakikuvutwa. Niliambiwa kwamba jasho la baadhi ya watu ni kali, kisha nikaonyeshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi na ijulikane kwa kila msomaji kwamba fedha halisi, ikikutana na jasho, manukato na hewa yenye salfa, hugeuka nyeusi, na weusi wenyewe hubaki kwenye kitambaa ukiifuta. Ni nadra kuitia shingo rangi ya kijani. Kijani ni cha shaba. Wapo watu waliotupa mikufu mizuri kwa kuuchukia ule weusi, na wengine wakaivumilia ya shaba wakidhani wao ndio wenye jasho baya. Yote mawili ni dhuluma, na ya pili inaniudhi zaidi, kwani humfanya aliyeibiwa ajione mwenye kosa.

Mwezi wa Machi, jioni moja, binti wa dada yangu huyohuyo, aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza, alikuwa akisoma kwa sauti somo la Archimedes katika fizikia: kwamba kitu kikizama majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Alilisoma mara nne ili alihifadhi. Mara ya nne nilisimama, nikaenda kuutafuta ule mkufu.

Hapa naomba subira ya msomaji, maana hii ndiyo hikima yenyewe, na mengine yote katika makala haya ni nyongeza. Nilinunua mizani ndogo ya kidijitali isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu, shilingi 25,000 hapohapo Kariakoo. Kwanza pima mkufu ukiwa mkavu, uandike. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, ubonyeze kitufe cha kuirudisha sifuri. Halafu uning'inize mkufu kwa uzi, uuzamishe wote majini, usiguse kitako wala ubavu wa kikombe, usome. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyohamishwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Fedha ya 925 itakupa takriban 10.3 au 10.4, shaba nyeupe karibu 8.5, chuma kisichoshika kutu karibu 7.9.

Maelezo hayo ni mepesi, nami niliyaharibu mara tatu. Mara ya kwanza nilitumia bilauri ya kioo, na mizani yangu, ambayo mwisho wake ni gramu 200, ikakataa kusoma. Kikombe kiwe cha plastiki nyepesi. Mara ya pili nilitumia uzi wa pamba, ukanywa maji na namba ikawa inashuka mbele ya macho yangu. Nikauacha, nikachukua mshipi mwembamba wa nailoni wa wavuvi wa dagaa. Mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyonisumbua usiku kucha, hesabu ilinijia 7.5, nami nikayakinisha kwamba nimeuziwa chuma, mpaka nilipoinama nikaona viputo vidogo vya hewa vimejibana ndani ya kila pete ya mkufu kama mayai ya samaki. Kila kiputo huhamisha maji pasipo kuongeza uzito. Dawa yake ni kuuzamisha mkufu kwanza katika maji yenye tone la sabuni, kuutikisa mpaka viputo vitoke, ndipo uuhamishie kwenye kikombe cha kupimia bila kuuanika.

Hata hivyo sikuiamini mizani ya 25,000 pasipo shahidi. Katika kasha la marehemu bibi yangu mna riale moja ya Maria Theresa, sarafu iliyotumika Zanzibar na mwambao wote, na ambayo wafua fedha wengi waliiyeyusha wakafanya vikuku na mitali. Karibu zote huonyesha mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, ingawa ziliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, Vienna na kwingineko. Na sifa yake ni kwamba uzito wake unajulikana, gramu 28.07, na fedha yake pia, sehemu 833 katika 1,000. Niliiweka: 28.01, kwani mikono imeila kidogo. Nikaizamisha: 2.74. Nikagawanya, nikapata 10.2, ndiyo hasa inayostahiki fedha ya kiwango hicho. Bibi yangu hakujua kusoma hesabu ya desimali, lakini usiku ule riale yake ilinihakikishia mizani.

Ndipo nikauzamisha mkufu wa harusi. Gramu 34.60 kavu, maji 4.07. Nane nukta tano. Shaba nyeupe, imetiwa maji ya fedha juu.

Jambo moja la kutahadhari: mkufu wenye pete zilizo wazi ndani utakupa hesabu ndogo hata ukiwa wa fedha halali, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kumshuku.

Sasa umbo, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi. Mkufu wa nyoka huvutia machoni, lakini ukikunjika mara moja haunyooki tena. Usimnunulie kijana anayelala nao. Wa kamba hung'aa kuliko yote, ila hunasa ndevu. Wa boksi ni wa kuning'inizia kitu. Ule wa Kyuba, wenye pete nene zilizolaliana, unataka uzito mwingi ili upendeze, na kwa hiyo ndio unaoghushiwa zaidi mitaani. Mimi nachagua figaro, pete tatu fupi na moja ndefu, upana usiozidi milimeta nne, urefu wa sentimeta 55 ili ulale chini kidogo ya kola. Unaonekana mvaaji anapoinama na kutoweka anapoinuka, nao ndio muruwa wa pambo la mwanamume. Kuhusu kifungo ningetaka kusema mengi, lakini litoshe neno moja: chagua kile chenye umbo la gando la kaa, na uitazame pete inayokishika kama imelehemiwa.

Katika Ramadhani ya mwaka ule nilitia mizani, kikombe, mshipi na chupa ya maji katika kikapu, nikaenda kwa masonara wa upande wa Kisutu. Duka la kwanza lilikataa kwa sababu ya vioo vyake. La pili nilipewa muhuri, uzito na sumaku, kwa mpangilio uleule, nikaaga. La tatu alikuwamo mzee mmoja anayefanya kazi kwa mikono yake, tupa na lehemu mbele yake, miwani juu ya paji la uso. Nilipomwomba ruhusa aliniangalia kitambo, akasogeza vitu vyake, akanipangusia mahali. "Zamisha," alisema. Watu wawili waliokuwa dukani wakaja kutazama kikombe cha maji adhuhuri ya mwezi wa kufunga.

Gramu 31.24. Maji, baada ya kutikisa viputo, 3.02. Kumi nukta tatu nne. Mzee wa watu alikwisha kuigawanya kichwani kabla sijaitoa simu, kisha akaniambia uzito wenyewe kwa tola, mbili na kitu, kama alivyofundishwa na baba yake. Alinitenganishia bei ya fedha kwa gramu na ujira wa kazi, akaandika yote mawili kwenye risiti, akatia sahihi. Nililipa zaidi ya mara mbili ya ile 80,000 ya Mtaa wa Kongo, na sikuomba kupunguziwa hata shilingi. Nilipokuwa natoka aliniuliza ule mshipi nimeununua wapi. Nikamkatia dhiraa moja.

Siku ya Idd mpwa wangu aliswali viwanja vya Mnazi Mmoja akiwa na kanzu ileile ya harusi, ambayo mama yake aliifua na kuianika juani mara nyingi hata doa likaisha. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, na jasho likamtoka kama lilivyomtoka siku ya nikahi. Tulipokumbatiana baada ya khutba niliiangalia shingo ya kanzu kabla sijamwangalia usoni. Ilikuwa nyeupe.