Haya, Aibu na Makuzi ya Nafsi: Kuisoma Nadharia ya Erikson kutoka Nyamarambe

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa ualimu katika vyuo vikuu vya Kenya husoma saikolojia ya elimu, na humo hukutana na zoezi lililozoeleka: azieleze hatua nane za makuzi alizozipendekeza Erik Erikson, kisha azihusishe na maisha yake mwenyewe. Kwa juujuu zoezi hili ni jepesi. Lakini mwanafunzi aliyelelewa Nyamarambe, makao makuu ya Gucha Kusini katika Kaunti ya Kisii, anapoyapima maisha yake kwa kipimo hicho, yumo katika hatari ya kuandika kwamba mamake hakumsemesha vya kutosha alipokuwa mchanga, kwamba nyumbani alifunzwa aibu badala ya kujitegemea, na kwamba utambulisho wake aliupewa, hakuutafuta. Hivyo hujikuta amewaandikia wazazi wake hukumu akidhani amejibu swali la mtihani.

Makala haya yanadai kwamba kasoro haiko katika malezi hayo, wala haiko katika nadharia yenyewe. Iko katika lugha inayotumiwa kuyaunganisha mawili haya. Dai hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jukumu la kuyachagua maneno.

2. Nadharia kwa muhtasari

Erikson alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902 na akafariki Marekani mwaka 1994. Hakumjua baba yake mzazi. Alikua akitumia jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajitwalia jina la Erikson. Yamkini ndiyo sababu swali la “mimi ni nani?” likawa kiini cha kazi yake. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atalikumbuka swali lilo hilo katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, ambamo Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba yake.

Katika Childhood and Society (1950), Erikson alieleza kwamba mtu hupitia migogoro minane tangu kuzaliwa hadi uzeeni: kuamini dhidi ya kutoamini, kujitegemea dhidi ya aibu na shaka, kuthubutu dhidi ya hatia, bidii dhidi ya kujiona duni, utambulisho dhidi ya mkanganyiko wa majukumu, ukaribu wa dhati dhidi ya upweke, ulezi wa kizazi kijacho dhidi ya kudumaa, na utimilifu wa nafsi dhidi ya kukata tamaa.

Mambo mawili husahaulika. Kwanza, Erikson hakukusudia kwamba upande mmoja wa mgogoro ushinde na wa pili ufutike. Alizungumzia uwiano: mtoto asiyejua kabisa kutoamini atamfuata kila mpita njia. Pili, alishikilia kwamba kila jamii huitatua migogoro hii kwa njia zake. Ndiyo maana kitabu chake kina sura kuhusu malezi ya Wasioux wa Dakota Kusini na Wayurok wa California.

3. Majina ya umri katika Ekegusii

Kabla Erikson hajajulikana Gusii, lugha ya Ekegusii ilikuwa tayari imeyagawa maisha. Mtoto mchanga ni ekengwerere, kisha anakuwa omwana. Mvulana ambaye hajatahiriwa ni omoisia. Akishatahiriwa ni omomura. Na mwanamume aliyekomaa akawa mwenye mji ni omogaaka. Kwa upande wa wanawake palikuwa na egesagaane, msichana asiyetahiriwa; omoiseke, aliyetahiriwa lakini hajaolewa; omosubaati, mke kijana; na omong'ina, mwanamke mzee mwenye heshima.

Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeanza utafiti Gusii katika miaka ya 1950, aliyajadili majina haya katika sura kuhusu utu uzima wa Wagusii iliyotoka mwaka 1980. Inafaa kukumbukwa kwamba kitabu kilichobeba sura hiyo kilihaririwa na Neil Smelser pamoja na Erikson mwenyewe. Kwa hiyo kuiweka Gusii kando ya nadharia hii si ubunifu wa leo. Mwenye nadharia aliushuhudia ulinganisho huo ukifanywa.

Tofauti iliyopo ni ya msingi. Hatua za Erikson hutajwa kwa kile kinachopigania nafasi ndani ya nafsi. Majina ya Ekegusii hutajwa kwa nafasi ya mtu miongoni mwa wengine. Mtu hawi omogaaka kwa sababu ametimiza miaka fulani, bali kwa sababu ana mji, na ana watoto waliofikia hatua zao. Hatua ya mzazi hutegemea hatua ya mwana.

4. Kuamini bila maneno mengi

Utafiti wa LeVine na wenzake wa katikati ya miaka ya 1970, uliochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1994, uliwalinganisha akina mama wa Gusii na akina mama wa Boston, Marekani. Mama wa Boston alimsemesha mtoto mchanga, akamtazama machoni na kumchangamsha. Mama wa Gusii alisema machache na hakuyatafuta macho ya mtoto. Lakini mtoto alipolia aliitika upesi, akambeba na kumnyonyesha. Lengo lake lilikuwa mtoto aliye salama na mtulivu. Watafiti hao walitofautisha malengo mawili: malezi yanayotanguliza uhai na afya ya mtoto, na malezi yanayotanguliza kumfundisha tangu mapema.

Swali la hatua ya kwanza ya Erikson ni hili: je, mtoto anaweza kuutegemea ulimwengu? Swali hilo haliulizi ni maneno mangapi yalisemwa. Mgongo ulio karibu na titi linalokuja kila kilio ni jibu kamili. Zaidi ya hayo, mtoto wa Gusii alikabidhiwa pia omoreri, yaani mlezi mdogo, ambaye mara nyingi alikuwa dada au kaka. Basi imani yake haikujengwa juu ya mtu mmoja pekee.

5. Aibu, haya na chinsoni

Hatua ya pili ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Erikson aliweka kujitegemea upande mmoja, na upande wa pili akaweka hisia ya mtoto anayejiona amefichuliwa mbele ya watu kabla hajawa tayari kuonekana. Tafsiri iliyozoeleka ya hisia hiyo ni “aibu”. Hapo mwanafunzi wa Nyamarambe hukumbuka neno la kwao, chinsoni, hulilinganisha na aibu, na huhitimisha kwamba alilelewa katika upande mbovu wa mgogoro.

Chinsoni ni kanuni za staha zinazotawala uhusiano wa vizazi vilivyopakana. Baba na mwana waliokua hawazungumzii mambo ya unyumba wakiwa pamoja, na kwa desturi baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Babu na mjukuu, kinyume chake, wana ruhusa ya kutaniana. Kanuni hizi hazimwambii mtoto kwamba ana kasoro. Humwonyesha mipaka iko wapi, na kwa nani mipaka hiyo hulegezwa. Anayezijua ndiye anayeaminiwa kutembea peke yake katika miji ya watu.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kuionyesha tofauti hii. Aibu, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya kasoro na kuvunjika heshima. Fedheha ni aibu iliyoanikwa hadharani. Haya ni staha inayomzuia mtu kabla hajakosa. Pia lipo soni, neno la Kibantu linalofanana waziwazi na chinsoni ya Ekegusii. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huingiliana. Hata hivyo, kusema “fulani hana haya” ni tusi, na kusema “fulani ameaibika” ni taarifa ya anguko. La kwanza ni ukosefu wa kinga. La pili ni jeraha.

Kwa msingi huu, hisia anayoieleza Erikson inakaribia fedheha na aibu, ilhali chinsoni inakaribia haya na soni. Mwanafunzi akitenganisha hivyo, ataweza kuuliza swali la kweli: ni lini nilifunzwa haya, na ni lini nilifedheheshwa? Malezi ya Gusii, kama malezi ya kwingine kote, huweza kuwa na yote mawili. Mtoto aliyechekwa mbele ya wageni kwa kujikojolea hakufunzwa chinsoni, alitiwa aibu. Kulinda utamaduni hakumlazimishi mtu kulificha jeraha.

6. Bidii na utambulisho

Hatua ya nne inaonekana wazi Tabaka, katika eneobunge lilo hilo la Mugirango Kusini, penye machimbo ya mawe ya sabuni. Uchongaji una ngazi zake: kuchimba, kukata, kuchonga, kusugua kwa msasa na maji, kupaka nta. Mtoto wa mchongaji hujifunza kwa kutazama, na kinyago kilichong'aa humpa ushahidi kwamba mikono yake inaweza. Darasani ushahidi huo huja kwa alama. Anayeandika zoezi lake asiichukue shule kuwa ndiyo mahali pekee pa bidii.

Hatua ya tano inahitaji uangalifu zaidi. Zamani, jando la Desemba na kukaa pamoja ndani lilimjibu kijana swali la yeye ni nani. Kwa wavulana tohara inaendelea, aghalabu hospitalini, na omoisia bado hutumika kama tusi. Kwa wasichana, sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji kote Kenya, na ibada mbadala za mafunzo zimefanywa Gusii. Hata hivyo, jina egesagaane halikufutwa na sheria. Msichana anayelindwa na sheria anaweza kudhihakiwa kwa neno. Hapa mwanafunzi hapaswi kuitetea hatua kwa kuwa tu ni ya jadi. Anapaswa kueleza hitaji lililotimizwa na ibada ile, yaani kutambuliwa na jamii, kisha aulize ni nini kinachoweza kulitimiza bila kisu.

7. Ulezi na utimilifu

Katika hatua za mwisho, Erikson na Ekegusii hukaribiana. Ulezi wa kizazi kijacho ndio unaomfanya mtu kuwa omogaaka au omong'ina. Tatizo la leo ni ardhi. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Kisii kuwa na watu 1,266,860, zaidi ya watu 900 kwa kilomita mraba. Kijana asiye na kipande cha kujengea huchelewa kuhesabiwa kuwa mtu mzima, hata akiwa na kazi Nairobi au Nakuru. Kuchelewa huko si kudumaa kwa nafsi. Ni uhaba wa shamba.

8. Mapendekezo na hitimisho

Mwanafunzi anayelifanya zoezi hili anashauriwa kufuata hatua nne. Kwanza, aandike tukio lenyewe kabla ya kulipa jina la kinadharia. Pili, kwa kuwa hakuna anayekumbuka utoto wake mchanga, amhoji mama, na amhoji pia omoreri aliyembeba. Tatu, aliandike neno lililotumiwa nyumbani katika lugha ya mama, kisha atafute neno la Kiswahili linalolibeba bila kulipotosha. Nne, aeleze uwiano wa pande mbili za mgogoro badala ya kutangaza kufaulu au kushindwa. Mhadhiri naye anapaswa kuutuza uchunguzi huo, asitafute tu hatua nane zilizokaririwa.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nadharia ya Erikson inaongeza kwamba anayekua huendelea kuyasoma upya malezi yake katika kila hatua. Kusoma huko hufanyika kwa maneno. Pale Kiswahili kinapotofautisha haya na aibu, mwanafunzi wa Nyamarambe huweza kuyasimulia maisha yake kwa ukweli, bila kuyasingizia kasoro yasiyokuwa nayo na bila kuyafichia yale yaliyomuumiza.