Unataka kujifunza kutengeneza tovuti? Soma kwanza, lipa baadaye

Wateja wetu hutuuliza mengi kuhusu kutuma na kupokea pesa, lakini kuna swali moja ambalo hurudi kila mara: "Kuna kozi ya kutengeneza tovuti nimeona kwa WhatsApp, wanataka elfu 15 kufikia leo jioni, nilipe?" Jibu letu fupi ni kwamba usilipe leo. Si kwamba kila kozi ni ya wakora. Sababu ni kuwa sehemu ya kwanza ya kazi hii unaweza kuisoma bila kulipa ada yoyote, na ukishaisoma utaweza kupima mwenyewe kama kozi hiyo ni ya elfu 15 au ni ya mia tano.

Tovuti unayoiona kwa simu imejengwa kwa vitu vitatu. HTML ndiyo inayosema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. CSS ndiyo inayoweka rangi, ukubwa wa maandishi na mpangilio. JavaScript hufanya ukurasa utende jambo, kwa mfano kujumlisha bei mteja akichagua bidhaa mbili. Anayeanza ashughulike na viwili vya kwanza tu. JavaScript itamngoja.

Uzuri wa HTML ni kwamba haizeeki haraka. Tim Berners-Lee aliweka tovuti ya kwanza hewani mwaka 1991 akiwa CERN, kule Uswisi, na kurasa zilizoandikwa kwa namna ile bado zinafunguka katika vivinjari vya leo. Kinachozeeka ni programu za kutengenezea. Hili likumbuke unapochagua kitabu, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Vitabu vya mitumba

Ukipita kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi, au kwa maktaba ya umma, utapata vitabu vinene vya kutengeneza tovuti kwa bei nafuu au bure kabisa. Kabla hujatoa pesa, fungua kurasa za mwanzo utazame mwaka wa kuchapishwa, kisha pitia yaliyomo. Kitabu kikiwa kinafundisha Flash, kirudishe. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020 na vivinjari haviifungui tena. Kikiwa kinakuonyesha kupanga ukurasa mzima kwa majedwali, au kuweka rangi ya maandishi kwa alama ya "font", hicho ni cha enzi nyingine. Na kikiwa kinaeleza tu mahali pa kubofya ndani ya programu fulani, jua kwamba toleo jipya la programu likitoka vitufe vitahama, na wewe utabaki na picha za skrini zisizofanana na yako.

Kitabu cha Jon Duckett kiitwacho HTML and CSS, cha mwaka 2011, ni mfano mzuri wa kitabu cha zamani ambacho bado kinafaa. Kina picha nyingi, maelezo mafupi, na kila ukurasa una jambo moja. Sura zake za HTML, rangi na maandishi zisome zote. Ile ya kupanga ukurasa isome upesi tu, kwa sababu inatumia njia ya float, na siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa Flexbox na Grid. Grid iliingia katika vivinjari vikubwa mwaka 2017, kwa hivyo kitabu cha kabla ya hapo hakiwezi kuwa kimeifundisha vizuri.

Pengo hilo unalijaza kwa masomo ya mtandaoni ya bure. MDN, inayotunzwa na Mozilla, ndiyo tunayoiamini zaidi kwa usahihi, ingawa Kiingereza chake ni kizito kidogo. W3Schools ni nyepesi na inakuruhusu kujaribu papo hapo, ila jina lake lisikuchanganye: si shule ya W3C, lile shirika linaloweka viwango vya wavuti. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, inakupa mazoezi hatua kwa hatua na cheti mwishoni, na haitozi kitu. Ukiona mtu anauza "nafasi" ya kuingia freeCodeCamp, huyo anakuuzia maji ya mvua.

Bando nayo ni ada

Watu hupiga hesabu ya ada ya kozi wakasahau bando. Saa moja ya video kwa ubora wa kati hula mamia ya MB, na ukishusha ubora ili uokoe data, herufi za kodi hazisomeki. Somo la maandishi hutumia sehemu ndogo sana ya hiyo. Ushauri wetu: soma maandishi kila siku, video zipakue mara moja kwa wiki ukiwa na waifai.

Tena kuandika HTML kwenyewe hakuhitaji intaneti. Unaandika kwenye programu ya kawaida ya maandishi, unahifadhi faili kwa jina linaloishia .html, unaifungua kwa kivinjari kilichomo ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Hata kompyuta kuukuu ya saiba inatosha. Faili zako ziwe kwenye flashi, na usisahau kuichomoa ukimaliza!

Zoezi la kwanza

Chagua biashara moja unayoijua, tuseme kinyozi wa mtaani kwenu. Mwombe ruhusa, kisha andika ukurasa mmoja tu: jina la kinyozi, mahali alipo, saa za kazi, huduma na bei, nambari ya simu, na jinsi ya kulipa. Jina liweke kama kichwa kikuu, h1. Bei ziweke kwenye jedwali. Tulisema majedwali si ya kupangia ukurasa mzima, lakini orodha ya huduma na bei ndiyo hasa kazi ya jedwali. Nambari ya simu iandike kama linki inayoanza na tel: ili mteja akiigusa simu ipige.

Halafu kuna mstari mmoja ambao wanaoanza huusahau, ule wa meta viewport wenye maneno width=device-width. Usipouweka, simu nyingi huchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980, halafu huuminya hadi maandishi yakawa kama mchanga. Wateja wengi wa kinyozi wako watakuja kwa simu, si kwa laptopu, kwa hivyo jaribu kazi yako kwa simu kabla ya kitu kingine chochote. Wazo la kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga kulingana na skrini lilipata jina mwaka 2010 kupitia makala ya Ethan Marcotte, na leo huwezi kuitwa mtengenezaji wa tovuti bila kulijua.

Picha zipunguze ukubwa. Picha nne zilizotoka moja kwa moja kwa kamera ya simu, kila moja MB 4, zinamtoa mteja MB 16 za bando ili aone mitindo ya nywele. Atafunga kabla hazijamaliza kufunguka.

Sasa fika kwenye sehemu ya malipo, na hapa tunakuomba uwe makini sana. Nambari ya till iandike kwa maandishi, usiiweke ndani ya picha, ili mteja aweze kuinakili. Chini yake andika jina la biashara kama linavyojitokeza mtu anapolipa, ili mteja alinganishe. Na usiweke kamwe kisanduku kinachomwomba mteja PIN yake, hata kama mwenye biashara amekuambia uweke. PIN huingizwa kwenye menyu ya malipo ya simu ya mteja au kwenye programu rasmi ya pesa, basi.

Ukimaliza zoezi hili utakuwa umeona jambo ambalo matangazo yetu ya usalama hulieleza kwa shida: sura ya tovuti haithibitishi chochote. Wewe mwenyewe umeweka rangi na nembo kwa mistari michache. Mkora naye anaweza kunakili ukurasa wa benki kwa dakika chache. Ile alama ya kufuli inasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi aliye upande wa pili ni nani. Kitu cha kusoma ni anwani. Tazama neno lililo karibu kabisa na .co.ke au .com, kwa sababu hilo ndilo linalokuonyesha mwenye tovuti. Jina maarufu likitangulia mwanzoni mwa anwani ndefu, hiyo haina uzito wowote.

Ukiamua kulipia

Kuna wakati kozi ya kulipia ina maana: unapohitaji mtu wa kukagua kazi yako, au unaposhindwa kusoma bila ratiba. Omba kulipa kwa awamu, na awamu ya pili iende baada ya kuona somo la kwanza. Mwulize mwalimu akuonyeshe tovuti tatu zilizotengenezwa na wanafunzi wake, uzifungue kwa simu yako. Akikukimbiza na "leo ndiyo mwisho", muache aende. Akikuhakikishia kazi baada ya kozi, mwombe aiandike. Na kabla ya kuweka PIN, soma jina la anayepokea. Chuo chenye jina la biashara kinachotaka pesa ziende kwa nambari ya mtu binafsi kikupe maelezo yanayoeleweka. Ujumbe wa malipo usiufute.

Kozi za nje hulipiwa kwa dola, kupitia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu. Piga hesabu kwa shilingi, pamoja na gharama ya kubadilisha fedha. Udemy hushusha bei mara kwa mara, kwa hivyo usinunue kwa bei kamili, subiri kidogo. Huduma za "jaribu bure siku 7" ndizo zinazoleta malalamiko mengi: siku ya nane zinakata pesa zenyewe. Weka kengele kwa simu siku ya sita, ghairi, na uhakikishe umepata barua pepe ya kuthibitisha.

Jina la tovuti, kwa mfano linaloishia .co.ke, na mahali pa kuiweka hewani pia hulipiwa, mara nyingi kila mwaka. Usinunue ukiwa bado unajifunza. GitHub Pages itauweka ukurasa wako hewani bure hadi kinyozi aseme anautaka kweli, na jina hilo lisajiliwe kwa jina lake, si lako. Siku ukurasa unapoenda hewani, mwombe rafiki aufungue kwa simu yake, anakili nambari ya till kutoka hapo hapo na alipe shilingi 10, kisha mwulize kinyozi kama zimeingia.